Rejeo Moja, Kisiwa Kizima: Chovae katika Tasnifu Zetu

Katika tasnifu za lahaja tunazosahihisha, visiwa vya Wabajuni hutajwa kwa sentensi moja: Kibajuni huzungumzwa Koyama, Chovae na Chula, kusini mwa Somalia. Kisha hufuata mabano yenye jina na mwaka. Kwa umbo, rejeo halina dosari. Kwa maudhui, mara nyingi halituelezi nani alisema, wala alisema lini.

Kwanza, kuna rejeo la kuazima. Grottanelli aliandika juu ya wavuvi wa Kibajuni katika Pescatori dell'Oceano Indiano (1955), kitabu cha Kiitaliano. Mwanafunzi asiyesoma Kiitaliano humtaja kana kwamba amemsoma, ilhali habari zake amezipata kwa mwandishi mwingine. Njia ya haki ni kuandika "Grottanelli (1955), kama anavyorejelewa na" fulani, na katika orodha ya marejeleo kuweka kitabu kilichosomwa. Tusipofanya hivyo, kosa la mpatanishi huwa kosa la Grottanelli.

Pili, majina. Kisiwa hiki huandikwa Chovae, Chovai, na kwa tahajia ya Kiitaliano Ciovai. Lahaja nayo huitwa Kibajuni au Kitikuu. Tunaponukuu tuache tahajia ya chanzo kama ilivyo, kisha tueleze katika matini kwamba kinachozungumziwa ni kimoja. Vinginevyo msomaji atahesabu visiwa viwili.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni wakati. Chittick alichapisha uchunguzi wake wa magofu ya pwani hiyo mwaka 1969 katika jarida la Azania. Nurse na Hinnebusch walitoa historia ya lugha za Kisabaki mwaka 1993. Katikati, mwaka 1991, dola ya Somalia ilianguka, na Wabajuni wengi wakakimbilia Kenya. Basi kuandika "Wabajuni wa Chovae wanaishi" kwa kutegemea kitabu cha 1955 ni kuwasimulia watu waliokwishatawanyika kana kwamba hawajaondoka.

Wapo wanaosema kwamba maandishi juu ya visiwa hivi ni haba, hivyo tusiwabane wanafunzi. Sisi tunaona kinyume chake: vyanzo vikiwa vichache, kila rejeo hubeba mzigo mkubwa zaidi. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi uliohusu Wabajuni na uwezo wao wa kuzungumza Kibajuni. Katika mashauri ya aina hiyo, madai ya wataalamu kuhusu nani huzungumza nini, na wapi, humgusa mtu anayeomba hifadhi. Dai lisilojulikana chimbuko lake haliwezi kupimwa wala kupingwa.

Aidha, tusiwasahau wazee waliotoka visiwani. Wao pia ni vyanzo. "Mzee mmoja alisema" si rejeo. Tuonyeshe kisiwa alikozaliwa, mwaka alioondoka, mahali na tarehe ya mahojiano. Na pale jina linapoweza kumdhuru, tutumie alama badala yake.

Hivyo basi, tunawashauri wanafunzi, kabla ya kufunga mabano, wajiulize: mwandishi huyu alifika Chovae, au naye aliambiwa?