Ziara Si Gofu

Lugha yetu ina maneno mawili kwa mahali pamoja, na maneno hayo hayapatani. La kwanza ni gofu. Gofu ni kitu kilichotokwa na uhai kikabaki kiunzi: nyumba isiyo dari, jahazi lililooza ufukoni, hata mtu aliyekondeshwa na maradhi. La pili ni ziara. Ziara ni kule kwenda kumzuru mtu, na ni kaburi lenyewe linalozuriwa. Makaburi mengi pamoja huitwa maziara. Wazee waliotuachia neno hili walilipa kaburi jina kutokana na nyayo za wale wanaolijia.

Vitabu na vibao vingi vinavyoeleza makaburi ya kale ya pwani vimechagua lile neno la kwanza. Tunaambiwa magofu ya Gede, magofu ya Kaole, magofu ya Kunduchi, magofu ya Takwa. Msomaji atasema kwamba hayo ni majina tu. Mimi nayaona kuwa ni hukumu, tena hukumu iliyotolewa bila mashahidi kuitwa. Nataka kuipinga, na shahidi wangu ni kaburi moja.

Takwa iko katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari unaokitenga na kisiwa cha Lamu. Mtu huenda kwa mashua, akapita katika mkondo wa mikoko, na ni lazima avizie maji yajaa, ama sivyo atakwama matopeni. Mji huo ulikaliwa katika karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa. Sababu zinatajwa zaidi ya moja: wengine husema ni ugomvi na Pate, wengine husema visima viliingia chumvi. Waliohama, kwa mapokezi ya wenyeji, walivuka wakakaa Shela. Kilichobaki Takwa ni ukuta wa mji, nyumba zisizo paa, msikiti wa Ijumaa ambao juu ya ukuta wake wa kibla imesimama nguzo, na kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka ambao ni sawa na 1681 au 1682.

Sasa sikiliza. Mara mbili kila mwaka watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda kwenye kaburi hilo kumwomba Mungu mvua. Kama ni kweli kwamba mji ulihamwa kwa sababu ya maji, basi wajukuu wa waliofukuzwa na ukame wa visima hurudi palepale kuomba maji. Na ombi hilo si mchezo. Lamu haina mto. Maji yake matamu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na mchanga hauna kitu usichonyeshewa. Mahali ambapo watu hupeleka haja kubwa kama hiyo, tutapaitaje gofu?

Aliyeifungulia dunia milango ya miji hii ni James Kirkman, Mwingereza aliyeanza kazi Gede mwaka 1948 na baadaye akaisimamia Ngome ya Yesu, Mombasa. Kazi yake siibezi. Bila yeye na vibarua aliowaajiri, mizizi ingekwisha pasua kuta nyingi tunazoziona leo. Juu ya Takwa aliandika makala iliyotoka mwaka 1957, akaupa msikiti wake jina zuri la msikiti wa nguzo. Lakini kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu Gede alikiita mji wa Kiarabu, na jina hilo lilifanya kazi kubwa kuliko kurasa zilizo ndani yake. Liweke jina hilo kando ya neno gofu, uone yanavyosaidiana. La kwanza linasema kwamba waliojenga walikuwa wageni. La pili linasema kwamba wamekwisha ondoka. Yakisomwa pamoja, mtu wa pwani hana chake hapo: hakujenga, na wala haendi.

Elimu yenyewe imekwisha likataa lile la kwanza. Uchimbaji uliofanywa na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, ulionyesha misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, tangu ule mdogo wa miti na udongo wa karne ya 8 hadi ule wa mawe. Mji ulikua pale pale, kwa mikono ya watu wake, kama mti unavyokua. La pili, lile la gofu, bado linaning'inia vibaoni.

Tulitazame basi kaburi la nguzo kama kazi ya sanaa, tuliulize swali ambalo huulizwa kazi yoyote: limefanywa kwa ajili ya nani? Maiti hahitaji nguzo. Sheria ya mazishi yake ni sanda, mwanandani na udongo. Nguzo ya matumbawe na chokaa, iliyopandishwa juu mpaka ikashinda kimo cha mtu mara mbili au tatu, ni ya kuonwa na aliye hai. Vivyo hivyo zile bakuli za kauri za China zilizopachikwa kwenye nguzo na kuta za makaburi, kama lile la Mambrui. Bakuli iliyolazwa chini hupokea chakula. Bakuli iliyosimamishwa ukutani hupokea macho. Makaburi haya yalijengwa ili yatazamwe, na kazi inayotaka watazamaji hufa pale tu watazamaji wanapokwisha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mazoea ya makumbusho. Huko Kaole, karibu na Bagamoyo, na huko Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, mtu huona vishimo vya mviringo katika chokaa, mahali zilipokuwa bakuli. Baadhi ziliibwa, baadhi zilivunjwa, na baadhi zilichukuliwa zikahifadhiwe. Siwalaumu waliohifadhi, maana mwizi hangoji mjadala wa wataalamu. Lakini maelezo yakisema kwamba bakuli imeokolewa, na yaongeze kwamba kaburi limepofushwa. Ukiliondolea jicho kaburi kisha ukaliita gofu, umelisema kwa hali uliyoisababisha wewe mwenyewe.

Gede nako kuna kaburi linalopendwa mno na wataalamu, kwa kuwa limeandikwa mwaka wa Hijra ambao ni sawa na 1399. Ni haki yao kulipenda, maana tarehe moja iliyochorwa kwenye jiwe inaweza kusimamisha historia ya mji mzima. Lakini tazama jinsi tunavyofundishwa kuthamini: kaburi lenye mwaka hupewa ukurasa, na kaburi lenye watu hupewa mstari mmoja, tena mwishoni, chini ya neno imani. Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, nami nilifurahi. Furaha yangu ingekuwa kubwa zaidi kama tungekuwa na desturi ya kuuliza, kabla ya kupima kuta, ni nani anayekuja hapa na anakuja kwa haja gani.

Kuna pingamizi mbili ambazo haifai kuzikwepa. Ya kwanza ni ya dini. Wako masheikh, tena wenye elimu, wanaosema kwamba makaburi hayakupaswa kujengwa hata kidogo, na kwamba anayeomba kaburini yuko jirani na shirki. Hoja yao ni ya zamani na ina uzito. Wanaojibu husema kwamba anayeombwa ni Mungu peke yake, na kwamba kaburi ni mahali pa kukumbuka na kukutanika. Sitaamua kati yao. Naona tu kwamba ugomvi huo wenyewe ni ushahidi wangu: hakuna anayegombana juu ya gofu. Watu hugombana juu ya kitu kilicho hai baina yao.

Ya pili ni chungu zaidi. Makaburi ya nguzo ni ya wakubwa. Mawe, mafundi na kauri za ng'ambo vilikuwa na bei, na wengi katika miji hiyo, mabaharia, wakulima na watumwa, walizikwa bila alama iliyodumu. Mtu akiniambia kwamba nguzo hizi ni majivuno ya matajiri yaliyogeuzwa kuwa urithi wa wote, sina la kumkanusha. Ninachomwomba ni atazame kilichotokea baadaye. Katika dua ya mvua ya Takwa hakuna anayeombea nasaba ya aliyelala pale. Mvua ikinyesha hunyeshea shamba la kila mtu. Kaburi lililojengwa kwa fahari ya nyumba moja limegeuzwa na vizazi vya watu wa kawaida kuwa mali ya mji mzima, na hakuna mwashi aliyeifanya kazi hiyo. Imefanywa na kule kwenda na kurudi.

Neno lina matokeo duniani. Pwani yetu ni pwani ya migogoro ya ardhi. Familia nyingi hazina karatasi, zina makaburi. Ukimwuliza mzee ushahidi wa shamba lake atakuonyesha alipozikwa babu yake. Eneo likikwisha andikwa kuwa ni gofu, limekwisha semwa kwamba limeachwa, na kilichoachwa hakikosi wa kukiokota. Lamu hii ambayo gati ya kwanza ya bandari yake mpya ilifunguliwa mwaka 2021 haiwezi kumudu uzembe wa maneno.

Ninachodai ni kidogo, na hakihitaji fedha za wafadhili. Kibao kinachoeleza kaburi la kale kitaje kwanza kama bado linazuriwa, lini, na kwa haja gani; tarehe na vipimo vifuate. Kiandikwe kwa Kiswahili kabla ya lugha nyingine yoyote. Siku ya dua, mtalii ndiye asubiri mashuani mpaka wenyeji wamalize. Na mwandishi wa kitabu kijacho juu ya Takwa, awe Mzungu au mtoto wa Shela, avuke walau mara moja pamoja na waombaji, maji yakiwa yamejaa, kabla hajachagua jina la kuweka kwenye jalada.