Kiima Kiko Wapi? Maoni Kuhusu Uchanganuzi wa Sentensi kwa Watoto Wasomao Nyumbani

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna kasumba moja. Mtu akitaja sarufi tunanuna. Eti hiyo ni kazi ya watu wa isimu, wao na miti yao ya KN na KT. Sisi shughuli yetu ni dhamira na wahusika. Katika makala haya ninashikilia kinyume chake: namna mtoto anavyofundishwa kuichambua sentensi ndiyo namna atakavyoisoma riwaya akiwa mkubwa. Nimelichunguza suala hili kwa watoto wanaosomeshwa nyumbani na wazazi wao, kwa sababu shuleni mbinu huchaguliwa na silabasi, bali nyumbani huchaguliwa na mama au baba, na mara nyingi mzazi huyo ameshika kitabu kilichotoka Marekani.

Si ajabu kitabu kutoka huko. Kufikia mwaka 1993 kusomesha watoto nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50 ya nchi ile, na penye wanunuzi wengi vitabu navyo huwa vingi. Mbinu kongwe wanayoishabikia wazazi hao ni mchoro wa mstari wa Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, walimu wa Brooklyn waliouchapisha mwaka 1877. Kabla yao, mwaka 1847, Stephen Watkins Clark alikuwa ameyatia maneno ndani ya viduara vilivyogandana kama mapovu ya sabuni. Reed na Kellogg wakayapasua mapovu, wakabakiza mstari. Unachora mstari mlalo. Kiima kushoto, kitenzi kulia, baina yao kijiti kinachokata mstari hadi chini. Shamirisho hufuata kitenzi, lakini kijiti chake huishia juu ya mstari, hakipenyi. Vivumishi na vielezi huning'inizwa chini kwa mistari ya mshazari.

Mchoro huu ni mzuri, sikatai. Mtoto anaona kwa macho yake kwamba neno fulani limeegemea neno fulani. Kasoro yake hujitokeza ukiulazimisha useme Kiswahili. Chukua sentensi hii: “Mama alimpikia mtoto uji.” Reed na Kellogg watamweka mama kushoto, alimpikia katikati, uji kulia. Na mtoto je? Atashushwa chini ya kitenzi, kwenye mstari wa pembeni, kana kwamba mbele yake kuna kihusishi kilichofichwa chenye maana ya “kwa ajili ya”. Kwa Kiingereza hilo huenda likapita. Kwa Kiswahili hakuna kilichofichwa. Hiyo “kwa ajili ya” imo ndani ya kitenzi chenyewe, ni ile -i- ya kauli ya kutendea. Tena kitenzi kimemkumbatia mtoto kwa kiambishi -m-, wala hakikuugusa uji. Kwa hiyo aliye karibu zaidi na kitenzi ndiye aliyetupwa chini, na uji umeketishwa kwenye kiti chake! Mchoro haukukosea hesabu zake. Ulibuniwa kwa lugha nyingine.

Mbinu ya pili ni ya maswali na nyimbo, ile ya vitabu vya Shurley. Mtoto hukariri vibwagizo vya aina za maneno, kisha huihoji sentensi kwa sauti: nani alifanya? alifanya nini? Sisi tuliosoma shule za kwetu hatuwezi kuicheka. Nani hakuimba A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA darasani mpaka mwalimu jirani akaja kulalamika? Kibwagizo hukaa kichwani. Tatizo si wimbo, tatizo ni swali.

Mwaka mmoja nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika nyumba moja hapa Nairobi, watoto wawili, msichana wa miaka kumi na miwili na mdogo wake. Mama yao alikuwa amewafunza Kiingereza kwa maswali hayo, na walikuwa hodari kweli, usicheze nao. Nikaandika: “Kijijini kuliingia njaa.” Msichana akajibu papo hapo:

“Nini kiliingia? Njaa. Kiima ni njaa, mwalimu.”

Mdogo wake alikuwa bado anaitazama sentensi. “Sasa hii ku- ni ya nani?” akauliza. “Si njaa ingekuwa iliingia?”

Dada yake akamwambia aache ubishi. Lakini swali la mdogo ndilo uhakiki. Kitenzi hakikupatana na njaa, kimepatana na kijijini. Ukifuata upatanisho wa kisarufi, mahali ndipo pamekalia kiti cha kiima, na njaa imekuja nyuma kama mgeni asiyetarajiwa. Mwandishi angeweza kuandika “Njaa iliingia kijijini,” na habari ingekuwa ile ile. Ila hapo njaa tayari tunaijua, tunaifuata safari yake. Katika sentensi ya kwanza tumesimama kijijini pamoja na wenyeji, kisha mlango unafunguliwa. Mtoto aliyezoezwa kuuliza “nani? nini?” tu huzilinganisha sentensi hizi mbili kuwa kitu kimoja, na akifika chuo kikuu atatuandikia kuwa “mwandishi ametumia lugha nyepesi.” Tunawajua. Tunakaa nao.

Maria Montessori, yule daktari wa Italia, alitumia mikono ya mtoto kabla ya ulimi. Katika shule zinazofuata njia yake nomino ni pembetatu nyeusi, kitenzi ni duara jekundu, na mtoto huyapanga maumbo hayo juu ya maneno. Naipenda njia hii kuliko zote kwa wadogo. Lakini seti huja na kipembetatu cha kibainishi, aina ya neno ambayo Kiswahili hakina, na pembetatu ya zambarau ya kiwakilishi haijui iende wapi katika neno “ananipenda”, ambamo wawakilishi wawili wamejibanza ndani ya duara jekundu. Ushauri wangu kwa mzazi ni rahisi: chukua mkasi. Kata duara la kitenzi vipande, a-, -na-, -ni-, -pend-, -a, mtoto avichezee. Akibadilisha kipande kimoja na ulimwengu ukabadilika (ananipenda, anampenda), ameelewa jambo ambalo jedwali halimwambii.

Charlotte Mason wa Uingereza, aliyetoa kitabu chake cha elimu ya nyumbani mwaka 1886, alitaka sarufi isiharakishwe kwa kuwa ni elimu ya mambo dhahania, na kwamba mtoto aanze na sentensi nzima badala ya neno mojamoja. Hapo namuunga mkono. Ila wazazi wengine wameugeuza ushauri huo kuwa kisingizio: kila mwaka sarufi ni ya mwaka ujao.

Na mbinu zetu wenyewe? Matawi, jedwali na mishale kila mtahiniwa wa Kenya anazijua. Matawi yanazidi mstari wa Reed na Kellogg kwa jambo moja, nalo si dogo: yanaonyesha vikundi vilivyomo ndani ya vikundi. Jedwali linafaa kwa usafi wa daftari, sina la ziada. Mishale ni ya mwenye haraka. Hata hivyo zote tatu hukifikia kitenzi zikasimama, zikaandika T chini yake, basi. Alimpikia ni T. Amekwenda ni T. Kuliingia ni T. Nusu ya sarufi ya Kiswahili imo ndani ya herufi hiyo moja, na hakuna anayebisha hodi.

Ningekuwa na watoto wale tena, ningeanza na vipande vya mkasi, nikapanda kwenye matawi baadaye, na mstari wa Wamarekani ningewaachia kwa Kiingereza chao. Kisha ningewapa ushairi mapema, kabla hawajaiva. Mshairi wetu hufinyanga sarufi: huitanguliza sifa mbele ya nomino, hukiahirisha kitenzi mpaka mwisho wa mshororo ili kina kikae. Mtoto asiyejua mahali pa kawaida pa neno hawezi kusikia kuwa limehamishwa. Kwake shairi ni Kiswahili kigumu tu, na Kiswahili kigumu watoto hukikimbia.

Mama yao aliniuliza siku moja, kwa heshima kabisa, kama Kiswahili kina sarufi ya kutosha kujaza mwaka mzima wa masomo. Nilimwomba mdogo amsomee ile sentensi ya kijiji na njaa, kisha amuulize hiyo ku- ni ya nani. Walikuwa bado wanabishana nilipoondoka kuwahi matatu.