Behewa Dogo la Mizigo na Majina Yake: Tathmini

Katika makala haya tunakusudia kukipima kitu ambacho si kawaida kukikuta katika kurasa zinazohusu istilahi, nacho ni behewa la mizigo la mfano. Si behewa la kubebea shehena, wala si mchezo wa mtoto anayejifunza kutambaa. Ni mfano mkubwa wa aina yake, uliokusudiwa kuwafundishia vijana wa ufundi na kuwafurahisha wale wanaopenda kuunda reli ndogo nyumbani kwao. Tuliletewa behewa hilo pamoja na kipande cha njia yake na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, tukaombwa tutoe rai iwapo Kiswahili hicho kinafaa. Hatukuona kuwa ni haki kuyahukumu maneno pasipo kukitazama kitu chenyewe. Kwa hiyo tulivichukua vyote hadi Kigoma, mahali ambapo behewa la mizigo si mfano bali ni riziki ya watu. Waliolitengeneza hatutawataja, kwani shabaha yetu ni kuirekebisha kazi, si kumwaibisha mtu.

Kigoma tuliichagua kwa sababu nyingine pia. Reli ya Kati ilifika huko mwaka 1914, na tangu hapo mji huo umejulikana kwa wananchi kuwa ndio mwisho wa reli. Hapo ndipo chumvi ya Uvinza, saruji, mafuta na bidhaa nyingine zinazokwenda Burundi na Kongo hukutana na meli za Ziwa Tanganyika. Hapo pia ndipo ilipoungwa meli ya Liemba, ambayo hapo kwanza iliitwa Graf von Götzen. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupakiwa relini kuelekea Kigoma, ambako ilishushwa majini Februari 1915. Na azingatie msomaji jambo hili: kama vipande vile vyote visingekuwa na alama na majina yanayotofautisha kimoja na kingine, masanduku 5,000 yangebaki kuwa masanduku tu. Jina la kiungo cha mtambo si pambo, ni sehemu ya mtambo wenyewe.

Tuanze na sifa, kwani behewa lenyewe lina mema yake. Ni behewa lililofunikwa, lenye milango pande zote mbili, na urefu wake unakaribia mkono wa mtu mzima kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye ncha ya kidole. Limekaa juu ya fremu mbili za magurudumu, kila fremu ina ekseli mbili, na kila fremu huzunguka yenyewe behewa lipitapo kwenye kona. Ukingo wa magurudumu umechongwa vizuri; tulilisukuma mara nyingi juu ya njia yake wala halikuruka reli. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha vijana jinsi behewa refu linavyoweza kupita katika kona bila ya kujikwamisha atapata hapa msaada mkubwa kuliko picha kumi za ubaoni.

Matatizo yanaanza tunapoishika karatasi. Katika mstari wake wa kwanza imeandikwa kwamba hili ni behewa la reli ya kisasa, la kipimo cha milimita 45, na la kipimo cha moja kwa ishirini na mbili na nusu. Neno "kipimo" limetumika mara mbili katika sentensi moja kwa maana mbili zilizo mbali. La kwanza ni upana wa njia, yaani nafasi iliyopo baina ya reli moja na ya pili. La pili ni uwiano wa mfano na kitu halisi, jambo ambalo wanafunzi wetu wamelizoea katika masomo ya ramani kwa jina la skeli. Huenda mtu akasema kwamba msomaji mwerevu ataelewa. Nasi tunajibu kwamba aliyeiandika karatasi hiyo mwenyewe hakuelewa, na ushahidi umo ndani ya mstari wake.

Tufanye hesabu. Milimita 45 zikizidishwa kwa 22.5 zinatoa milimita 1,012.5, yaani mita moja na kidogo. Upana huo ni wa reli ya zamani ya Kigoma, ambayo ni ya mita moja. Si upana wa reli mpya, ambao ni milimita 1,435. Mfano wa behewa la reli mpya ukitakiwa kukaa juu ya njia hiyo hiyo ya milimita 45, skeli yake ingekuwa kama moja kwa thelathini na mbili, na behewa lingekuwa dogo zaidi. Kwa maneno mengine, njia ile ile ndogo inaweza kuwa mfano wa reli ya zamani au mfano wa reli mpya, na kinachoamua ni skeli peke yake. Mwandishi aliyeviita vitu viwili kwa jina moja amelitoa behewa katika reli moja na kulitia katika reli nyingine pasipo yeye kujua.

Kosa hilo katika meza ya darasa ni dogo. Katika kituo cha mizigo si dogo hata kidogo. Mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Tabora hadi Kigoma, kiasi cha kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Reli hiyo itakapofika, mji mmoja utakuwa na njia za upana wa aina mbili, na behewa la njia moja halitaweza kupita katika njia ya pili. Shehena itakayokosewa itabidi ipakuliwe na kupakiwa upya, na gharama yake italipwa na mwenye mzigo, awe ni tajiri wa saruji au mama mwenye madebe yake ya mawese. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba "geji" liwe neno la upana wa njia, "skeli" liwe neno la uwiano, na "kipimo" liachwe katika maana yake pana ya kila siku.

Hapa inatubidi tuseme neno juu ya jina la "reli ya kisasa" pia. Wananchi wamelipenda, magazeti yamelieneza, nasi hatuna ugomvi na furaha ya watu. Lakini kama istilahi, jina hilo ni sifa na wala si kipimo. Reli ya mwaka 1914 nayo ilikuwa ya kisasa katika mwaka 1914. Miaka hamsini ijayo, mabehewa ya leo yatakapokuwa yameota kutu, tutayaita nini? Lugha yetu imekwisha kupata funzo la namna hii. Neno "garimoshi" liliundwa vizuri sana wakati injini zilipotoa moshi. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinakwenda baina ya Dar es Salaam na Dodoma, na moshi umebaki katika neno tu. Garimoshi tutalihifadhi, kwani limekwisha kuwa mali ya lugha, lakini si busara kulirudia kosa hali tunaliona. Aseme anayeandika maelezo ya kazi: reli ya geji ya mita, na reli ya geji ya milimita 1,435. Hapo hapana atakayekosea leo wala kesho.

Sasa tuje kwenye magurudumu. Zile fremu mbili tulizozitaja karatasi inaziita "bogi", na mistari mitatu baadaye inaliita behewa zima "bogi" vilevile. Ni kweli kwamba mafundi wengi hulitumia neno hilo kwa fremu ya magurudumu, na ni kweli pia kwamba abiria wengi huliita hivyo behewa lote. Kila upande una haki yake katika mazungumzo. Tulipomwonyesha karatasi hiyo mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kuunganisha mabehewa, aliisoma kimya, kisha akatuuliza swali moja ambalo halijatutoka: akipelekewa habari usiku kwamba bogi limevunjika huko njiani, aende na jeki, au aende na kichwa cha treni cha kulivuta behewa? Swali hilo limetufundisha zaidi ya yale tuliyokwenda nayo. Istilahi ya ufundi haipimwi kwa uzuri wa sauti yake. Hupimwa kwa swali hili: je, mtu aliye mbali anaweza kuitumia kutoa habari ya ubovu, na mwenzake akaelewa mara moja?

Wapo watakaosema kwamba Baraza litangaze tu kuwa bogi ni fremu, na jambo liishe. Hatukubaliani nao. Abiria hawaliachi neno kwa kutangaziwa, na istilahi inayohitaji tangazo ili isilete hatari bado ni ya hatari kwa yule ambaye tangazo halikumfikia. Ni heri fremu ipewe jina ambalo hata asiyelijua kabla atalifahamu kwa kulisikia. Tunapendekeza "kigari cha magurudumu", na behewa libaki kuwa "behewa" katika maandishi yote ya kazi. Bogi liachiwe abiria katika mazungumzo yao.

Yapo makosa mengine ambayo yametokana na kufuata neno kwa neno lugha ya kigeni. Karatasi inauita mlango wa behewa "mlango wa kuteleza". Katika Kiswahili hutelezi ila umekosea mguu. Mlango unaoteleza ni mlango mbovu. Ungeitwa "mlango wa kuvuta kando", maana ungekamilika. Tena, uzito wa behewa kabla halijapakiwa umeitwa "uzito mfu". Wafanyakazi wa Kigoma walicheka, wakasema wao husema "uzito wa behewa tupu". Maneno hayo ni marefu kidogo, lakini mwenye mzigo anayesimama kwenye mzani anaweza kuyatumia kudai haki yake: uzito wa jumla, ukitoa uzito wa behewa tupu, ndio uzito wa shehena anayopaswa kuilipia. Asiyelielewa neno la pili hawezi kuihakiki hesabu ya tatu.

Pamoja na hayo karatasi ina neno moja lililotufurahisha, nalo ni "mataruma". Taruma lilikuwa neno la waundaji wa vyombo vya majini, mti wa kuimarishia chombo, kabla ya kuhamia nchi kavu na kuwa mti au chuma cha kulazia reli. Neno hilo halikutafsiriwa na mtu aliyekaa peke yake na kamusi. Lilichukuliwa katika ufundi mmoja likapelekwa katika ufundi mwingine unaofanana nao, na watu wakalikubali. Hali kadhalika Ujiji, iliyo karibu kabisa na Kigoma, ilikuwa na msamiati wa uchukuzi kabla ya kuwapo reli: mpagazi, mtumba, frasila. Wenye lugha hiyo walikuwa wakipima na kupeana mizigo kutoka ziwani hadi Bagamoyo. Hazina ipo, lililopungua ni desturi ya kuiendea.

Rai yetu basi ni hii. Behewa lenyewe linafaa kutumiwa katika kufundishia, mradi waambiwe wanafunzi kwamba ni mfano wa behewa la geji ya mita. Karatasi yake haifai, nayo iandikwe upya. Na kabla ya kuandikwa upya, isomwe mbele ya watu wanaoyafungua na kuyafunga mabehewa halisi, kila jina lijaribiwe kwa swali la yule mzee. Tumezoea kuziandika istilahi mijini na kuzipeleka kwa wafanyakazi wakati zimekwisha kupigwa chapa. Safari hii na tuanze upande wa pili, Kigoma, ambako wengine huona kuwa ndiko mwisho wa reli, lakini kwa mtu anayelipokea behewa kutoka ziwani ndiko mwanzo wake.