Filamu Mbili katika Filamu Moja: Maandishi ya Chini na Hatima ya Filamu za Kenya katika Tuzo za Oscar

Makala haya yananuia kuchunguza jambo ambalo wahakiki wetu wa filamu wamelipitia juu juu: kwamba filamu ya Kenya inayopelekwa Marekani kuwania tuzo ya Oscar haishindani kwa maneno yanayotamkwa na wahusika wake, bali kwa maneno ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Tutayaita maneno hayo maandishi ya chini. Kila kamati ya uteuzi inapotangaza filamu itakayoiwakilisha nchi, utabiri huanza magazetini na katika vyumba vya semina. Je, msuko wake una nguvu? Dhamira yake itawagusa wageni? Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ni nani aliyeyaandika maandishi ya chini, na kwa Kiingereza cha namna gani. Tunadai kwamba swali hilo ndilo lingetangulia mengine yote.

Tuanze na sharti lenyewe. Kenya iliwasilisha filamu katika kitengo hiki kwa mara ya kwanza mwaka 2012, nayo ilikuwa *Nairobi Half Life* iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga. Wakati huo kitengo kiliitwa cha lugha ya kigeni. Mwaka 2019 jina likabadilishwa kuwa la filamu ya kimataifa, ila sharti la lugha likabaki: zaidi ya nusu ya mazungumzo yawe katika lugha isiyo Kiingereza. Novemba mwaka huohuo filamu ya Nigeria, *Lionheart*, iliondolewa mashindanoni kwa sababu sehemu kubwa ya mazungumzo yake ilikuwa Kiingereza. Hapa pana kinaya ambacho mwalimu wa Kiswahili hawezi kukipita kimya. Sheng, ambayo mtoto huadhibiwa kwa kuisema shuleni, ndiyo inayoipa filamu yetu pasipoti. Lakini mlangoni pasipoti hiyo hunyang'anywa, kwa maana mwamuzi wa Los Angeles haielewi Sheng wala Kiswahili. Yeye husoma.

Nguvu ya masharti haya isidharauliwe. Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliondoa kwa siku saba marufuku iliyowekewa *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, ili filamu hiyo iweze kutimiza kanuni ya kuonyeshwa siku saba mfululizo katika nchi yake ya asili. Kanuni ya akademi ya mbali ikawa kipimo cha muda katika amri ya mahakama ya Nairobi. Hatimaye kamati iliichagua *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, na mjadala ukahamia kwingine.

*Nairobi Half Life* ndiyo inayotufaa zaidi kwa uchambuzi wa mswada. Mhusika mkuu, Mwas, ni kijana wa kijijini anayeuza filamu kwa kuwaigizia wanunuzi vituko vya mashujaa wa filamu hizo. Anakuja Nairobi kutafuta uigizaji, anaibiwa siku ya kwanza, anatiwa korokoroni, na huko anakutana na Oti, kiongozi wa kundi la wezi wa vipuri vya magari. Tangu hapo anaishi maisha mawili, ya jukwaani na ya vichochoroni. Wengi wameisoma filamu hii kama kisa cha uhalifu na umaskini, na usomaji huo si wa kupuuzwa. Hata hivyo, sisi tunaiona kwanza kuwa filamu ya mtu anayeishi kwa ulimi. Mwas hana nguvu za mwili wala hana mtu mjini. Alicho nacho ni uwezo wa kuigiza sauti ya mwingine. Safari yake kutoka Gĩkũyũ cha nyumbani hadi Sheng ya genge, na kutoka genge hadi kwa watu wa ukumbi wa michezo, ni safari ya rejista. Mtazamaji anayesikia lugha hizi hutambua ni lini Mwas bado mgeni, ni lini amepata kukubalika, na ni lini anajifanya. Katika maandishi ya chini ngazi zote hizo huwa sakafu moja. Tazama neno dogo tu: mkazi wa Nairobi anaweza kusema askari, polisi, karao, sanse au afande, na kila moja hutoa habari za msemaji, za hofu yake, na za umbali uliopo baina yake na mwenye bunduki. Kiingereza cha chini ya picha kina neno moja au mawili tu ya kuyapokea yote hayo.

Pengine msomaji atatuuliza: mbona *Tsotsi* ya Afrika Kusini, iliyosheheni lugha ya mitaani, ilishinda tuzo hiyo Machi 2006? Pingamizi hili ni zito na linastahili jibu. Tsotsi ni mhusika mkimya. Uzito wa filamu ya Gavin Hood umo usoni mwa kijana yule na katika mikono inayombeba mtoto mchanga ambaye hakukusudia kumchukua. Picha hizo hazihitaji mkalimani. Aidha, nyuma ya filamu hiyo ipo riwaya ya Athol Fugard iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1980, kwa hiyo kisa kilikuwa kimekwisha kukaa katika lugha ya mwamuzi kabla ya kamera kuwashwa. Mwas akinyamazishwa hubaki na nini? Hubaki mwizi wa vioo vya magari mwenye ndoto, mhusika ambaye mwamuzi amekwisha kumwona katika filamu nyingi za miji mingine.

Wala si waamuzi wa ng'ambo pekee wanaosoma badala ya kusikia. Katika semina moja tuliwataka wanafunzi waitazame sehemu ya filamu hii huku ukanda wa karatasi umefunika maandishi ya chini. Waliokulia Eastlands walicheka mahali pamoja. Baadhi ya waliokulia Kileleshwa, pale kwetu, walicheka baadaye kidogo, au walimgeukia jirani wawe wametafsiriwa. Kutoka Kileleshwa hadi karakana za Grogan si mwendo mrefu, lakini watoto wengi wa maghorofa yetu hulelewa kwa Kiingereza na humkuta Mwas palepale anapokutwa na mgeni, chini ya picha. Filamu hii ina hadhira mbili ndani ya jiji moja, na jambo hilo, kwa maoni yetu, lina uzito kuliko tuzo.

Mgawanyiko huu huanzia katika anwani. *Watu Wote*, filamu fupi ya Katja Benrath ya mwaka 2017, inatokana na shambulio la basi huko Mandera mnamo Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Ilifika hadi kwenye orodha ya wawaniaji wa Oscar mwaka 2018. Anwani yake ya Kiingereza, *All of Us*, hurejelea 'sisi sote'. Kiswahili hakikusema hivyo. 'Sisi' humtia msemaji ndani na kuunda kundi. 'Watu' hakiundi kundi lolote, hutaja utu na kutulia hapo. Washambuliaji walitaka kujua nani wetu na nani wao, na neno 'watu' linalikataa swali lenyewe. Anwani ya Kiingereza inalikubali swali, kisha inatoa jibu la ukarimu. Tofauti hii si ya mtindo tu, ni tofauti ya falsafa. Katika *Kati Kati* ya Mbithi Masya (2016) mambo ni mepesi zaidi: sanifu ni 'katikati', neno moja, lakini anwani imelipasua na kuacha nafasi tupu palepale wanapokaa wafu wa filamu hiyo, kati ya kati mbili. Anwani hii haikutafsiriwa, na hiyo ni busara.

Kuna atakayesema kwamba kila tafsiri hupoteza, na kwamba hatuna jipya. Tofauti iko hapa. Ebrahim Hussein aliitafsiri *Kinjeketile* yeye mwenyewe, na mhakiki anaweza kuziweka nakala mbili mezani, akaonyesha kilichopotea na kilichozaliwa. Miswada ya filamu tunazozijadili haimo katika maktaba ya idara yetu. Tunafundisha tamthilia kwa vitabu na filamu kwa kumbukumbu. Tuzo za Kalasha huwatunza waandishi, lakini mwanafunzi hauoni mswada uliotunzwa.

Kuhusu utabiri, basi, tutathubutu. Kufikia tuzo za mwaka 2025, ambazo Kenya ilizipelekea *Nawi* yenye Kiturkana na Kiswahili, hakuna filamu yetu ndefu iliyokuwa imeingia katika wawaniaji watano wa mwisho. Tunakisia kwamba ya kwanza kuingia itakuwa ya mhusika msema machache: mtoto, bubu, au mtu aliye peke yake jangwani. Itakuwa nzuri, na tutaishangilia. Lakini waandishi wa miswada ni watu wenye akili, nao huona njia ipi inapitika. Tunahofia kwamba watajifunza kuwanyamazisha wahusika wao, wakati mitaa yetu haijawahi kunyamaza.

Kwa sasa anayetaka kuchambua mazungumzo hana budi kuisimamisha filamu sentensi baada ya sentensi na kuyanakili kwa mkono, Kiswahili upande mmoja wa ukurasa na maandishi ya chini upande wa pili. Wanafunzi wawili wa uzamili wameanza na *Supa Modo*. Wamefika dakika ya 40.