Maji mawili ya Johannesburg na kitufe kimoja cha rangi

Johannesburg iko juu ya uwanda wa nchi kavu, takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, lakini wapiga mbizi wake si haba, na maji yao ni ya aina mbili. Yapo ya karibu: machimbo ya zamani yaliyojaa maji, kama Bass Lake upande wa Henley on Klip kusini mwa jiji, au Miracle Waters karibu na Brits, ambako wanafunzi hufanyia mazoezi kabla ya kupata cheti. Kisha yapo ya Sodwana Bay, kaskazini mwa KwaZulu-Natal, ndani ya hifadhi ya iSimangaliso iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999. Huko ni mwendo wa gari wa karibu siku nzima. Ya machimboni ni ya kijani, ya Sodwana ni ya buluu. Mtu anarekodi kote kuwili kwa kamera ile ile ya GoPro, anarudi nyumbani, anabonyeza kitufe kile kile cha kurekebisha rangi kwenye programu ya simu. Video ya Sodwana inapendeza. Ya machimboni inatoka na rangi ya chai iliyopoa, na lawama yote inatupiwa kamera. Kamera haina kosa. Kitufe hicho kimetengenezwa kwa dhana kwamba maji hula rangi kwa namna moja na kwa kiasi kimoja katika picha nzima, na dhana hiyo si kweli Sodwana wala Bass Lake.

Tuanze na hesabu. Vipimo vya watafiti Pope na Fry vya mwaka 1997, ambavyo bado hutumika sana kwa maji safi, vinaonyesha kwamba mwanga mwekundu wa nanomita 650 hupungua kwa karibu asilimia 29 katika kila mita. Ule wa buluu wa nanomita 450 haupungui hata kwa asilimia 1. Upungufu huo hulimbikizana: kwenye mita 5 nyekundu iliyobaki ni kama asilimia 18, na kwenye mita 10 ni kama asilimia 3 tu. Na hapo tumehesabu kushuka peke yake. Mwanga ukishamgusa samaki bado una safari ya kumfikia mpigapicha. Samaki akiwa mita 2 mbele ya lenzi, safari nzima ni mita 12, na kilichosalia hakifiki asilimia 2. Kuisawazisha nyekundu hiyo na buluu kunadai kuizidisha mara hamsini na zaidi. Nimechukua urefu mmoja wa wimbi ili hesabu iwe nyepesi. Chaneli nyekundu ya kamera hupokea pia mwanga wa rangi ya chungwa, unaostahimili maji zaidi kidogo, kwa hiyo hali halisi ni nafuu kuliko hivyo. Nafuu, lakini si nzuri.

Katika hesabu hiyo, zile mita 2 za kwenda mbele ndizo zinazosahaulika. Wengi husema rangi inategemea kina, wakaishia hapo. Tazama fremu moja ya mwamba wa Sodwana: samaki yuko nusu mita kutoka kwenye lenzi, matumbawe yako mita 3, ukuta wa nyuma uko mita 8. Vyote viko kwenye kina kimoja, ila vimepoteza nyekundu kwa viwango vitatu. Ukisukuma rangi hadi ukuta wa nyuma uonekane sawa, samaki wa mbele anawaka kama amepakwa rangi. Zaidi ya hapo kuna utandu wa mwanga uliotawanywa na maji yenyewe, unaoongezeka kadiri kitu kinavyokuwa mbali, na huo haufuati kanuni ile ile inayoongoza mwanga unaotoka kwenye kitu. Watafiti Derya Akkaynak na Tali Treibitz ndio waliolifafanua jambo hili kwa hesabu, na mwaka 2019 walitangaza njia yao iitwayo Sea-thru. Njia hiyo inafanya kazi vizuri mno, lakini ina sharti: lazima ujue umbali wa kila nukta ya picha kutoka kwenye kamera. Kitufe cha programu ya simu hakina habari hiyo, kwa hiyo kinakisia.

Maji ya kijani yana shida ya pili. Mwani mdogo na mabaki ya mimea yaliyoyeyuka hula buluu, huku maji yenyewe yakila nyekundu, hata ikabaki kijani peke yake katikati. Programu iliyozoea bahari ya buluu inaona picha imepoa, inaipasha joto, yaani inaiondolea buluu na kuiongezea njano. Machimboni buluu ilikuwa imeshakwisha. Ukiipunguza tena unabaki na tope. Huko kinachohitajika kwanza ni mhimili mwingine kabisa, ule wa kijani dhidi ya zambarau-nyekundu, na joto la rangi huguswa kidogo tu baadaye. Jambo hili si la machimbo peke yake. Wanaorekodi papa potwe mbele ya Kilindoni, kisiwani Mafia, wako kwenye maji yaliyojaa planktoni, maana ndiyo chakula kinachomleta mnyama huyo. Wakitumia mipangilio iliyotengenezewa maji maangavu ya kisiwa cha Mnemba, watapata tope lile lile.

Wahariri wazoefu wana hila yao, na ni hila nzuri: kwenye kichanganya chaneli cha programu kama DaVinci Resolve, wanaazima sehemu ya chaneli ya kijani na kuijazia nyekundu. Kihisi cha kawaida kina vidoa vya kijani mara mbili ya vile vyekundu, na kijani chini ya maji bado ina nguvu, kwa hiyo matokeo hayana chenga nyingi. Mchanga unakuwa mweupe, mtungi wa hewa unarudia kijivu chake, na mtazamaji anaridhika. Mtego uko hapo hapo. Mchanga ni mweupe kwa kuwa unarudisha rangi zote sawasawa. Kuikisia nyekundu yake kutokana na kijani yake ni rahisi. Samaki mwekundu kweli kweli harudishi kijani karibu yoyote, na kwenye mita 15 bila tochi chaneli zote mbili zinamwona mweusi. Hila ile inamtoa wa kahawia au wa kijivu, huku mchanga mweupe pembeni ukishuhudia kwamba rangi ni sahihi.

Kuna watakaosema kwamba hii ni video ya likizo, si maabara, na picha ikivutia inatosha. Nakubali kwa video ya likizo. Ila picha hizo hizo hutumika kutambua samaki na kuonyesha afya ya matumbawe, na tumbawe lililopauka linaweza kutiwa joto na programu hadi lionekane zima. Wengine watasema dawa ni chujio jekundu mbele ya lenzi. Chujio haliongezi nyekundu hata chembe. Linapunguza buluu na kijani, ili kamera irefushe muda wa kupokea mwanga na ile nyekundu kidogo ipate nafasi. Linafaa kwenye kina cha wastani cha bahari ya buluu kukiwa na jua. Karibu na uso wa maji linapaka kila kitu wekundu, kina kikizidi halina cha kuokoa, na kwenye maji ya kijani linalotakiwa ni la zambarau-nyekundu. Na ukiwasha tochi, livue.

Kamera mpya zimesaidia kwa upande mmoja. Tangu HERO11 ya mwaka 2022, kamera kuu za GoPro zinaweza kurekodi kwa biti 10, yaani ngazi 1,024 za kila rangi badala ya 256, na nyekundu iliyobanwa kwenye ngazi chache za chini inaweza kunyooshwa kabla haijakatika mistari. Kilichobaki ni kazi yako: funga mizani ya nyeupe isihamehame unaposhuka, soma grafu za chaneli tatu kabla ya kugusa chochote, rekebisha kilicho karibu, na maji ya nyuma yaachie rangi yake.

Lakini kwa anayetaka nyekundu ya kweli, hesabu ya mwanzo imeshatoa jibu. Tochi iliyo nusu mita kutoka kwa samaki, na kamera pembeni yake, hufanya safari ya mita 1 kwenda na kurudi, na asilimia 71 ya nyekundu inafika. Kwenye machimbo yenye chembe nyingi itakubidi usogee karibu zaidi na uitenge tochi kando ya lenzi, la sivyo utarekodi vumbi. Kabla ya kununua kamera ya pili, nunua tochi.