Mti wa Yese katika Kioo cha Chartres

Walimu wengi, wakitaka kueleza ubikira wa Mama wa Mungu, hutumia mfano wa kale: jua hupenya kioo, wala kioo hakivunjiki, ndivyo Mwana alivyozaliwa na ubikira wa Mama yake usiharibike. Mfano huu ni mzuri, nasi hatuukatai. Lakini twaonelea kwamba ukiachwa peke yake una hatari. Kioo kisicho na rangi hakiupi mwanga kitu chochote. Mwanafunzi aweza kudhani kwamba Mwana alipita tu kwa Maria, asitwae mwili kwake. Kosa hilo si jipya: katika karne ya 2 Mtakatifu Ireneo aliwakanusha wafuasi wa Valentino, waliosema kwamba Kristo alipita katika Maria kama maji yapitavyo katika mfereji.

Tuyatazame basi madirisha yenyewe. Katika kanisa kuu la Chartres, nchi ya Ufaransa, upande wa magharibi, lipo dirisha la Mti wa Yese, lililotengenezwa karibu na mwaka 1150, nalo likasalimika katika moto wa mwaka 1194. Chini amelala Yese, baba wa Daudi, na mti watoka mwilini mwake. Juu yake wameketi wafalme wanne, mmoja juu ya mwenzake, kisha Maria, na kileleni Kristo, amezungukwa na njiwa saba, yaani mapaji ya Roho Mtakatifu. Kando wapo manabii. Maria hayuko kileleni, wala hayuko nje ya mti: utomvu wa Yese wapita kwake hata kumfikia Mwana.

Wasomi wa Kilatini walipenda kuona kwamba *virga*, yaani fimbo au chipukizi, na *virgo*, yaani bikira, yakaribiana kwa sauti. Katika Kiswahili mlingano huo wapotea, wala haifai kuutafuta kwa nguvu. Lugha yetu ina mali yake: twasema shina la ukoo, na ndugu wa tumbo moja. Asemaye hivyo amekwisha kufahamu nusu ya dirisha hilo.

Hata mfano wa jua wapata nguvu huko Chartres, kwani mwanga upitao katika samawati ile waanguka sakafuni na rangi ya kioo. Ni mwanga uleule, lakini umevikwa. Ndivyo Neno alivyotwaa mwili wetu kwa Maria. Kwa hiyo yafaa mwalimu aanze na mti, ndipo aje kwenye jua, wala asiache kuitaja rangi.