Mkono wa Kushoto Kwenye Koki

Ukitaka kumtambua anayejua kweli titresheni ya asidi na alkali, acha daftari lake kwanza. Tazama mkono wake wa kushoto. Mwanafunzi mgeni huishika koki ya byureti, ule mrija wenye vipimo unaodondosha asidi, kwa vidole vya mkono wa kulia, upande ule ilikotokeza, na kila anapoizungusha huivuta nje kidogo bila kujua. Mzoefu huizungushia byureti yenyewe mkono wa kushoto, gumba mbele na vidole nyuma, hivyo kila mzunguko unaisukuma koki tunduni mwake. Haivuji. Mkono wa kulia nao unabaki huru kuizungusha chupa iliyo chini yake taratibu, bila kukoma, macho yakiwa kwenye rangi.

Kazi yenyewe ilizaliwa kwa watu wa biashara. Mwaka 1767 William Lewis alichapisha njia ya kupima nguvu ya majivu ya potashi yaliyotoka Amerika, maana aliyeyanunua hakutaka kuuziwa uchafu. Mfaransa Descroizilles, aliyeshughulika na upaukishaji wa vitambaa, alitengeneza byureti ya kwanza mwaka 1791. Gay-Lussac akaipa byureti na pipeti majina yake mwaka 1824, na Mjerumani Karl Friedrich Mohr akatoa kitabu chake kikubwa cha titresheni mwaka 1855. Hakuna aliyekuwa akitafuta alama za mtihani. Walitaka kujua kilichomo ndani ya gunia.

Kabla ya tone la kwanza kudondoka, fundi ameshafanya maamuzi mengi ambayo hayataonekana popote kwenye jibu. Byureti ameisuuza kwa asidi ile ile itakayojazwa, kwa sababu maji yaliyoganda kwenye kuta zake yangeizimua. Pipeti inayopima alkali vilevile, kwa myeyusho wake. Lakini chupa ya chini, ile yenye umbo la koni, huisuuza kwa maji yaliyokenekwa peke yake. Hapa wengi huteleza kwa sababu wamekariri neno "suuza" bila sababu yake. Kinachohesabiwa ndani ya chupa ni kiasi cha alkali kilichotoka kwenye pipeti. Maji yakiongezeka, kiasi hicho hakibadiliki, ila ukiisuuza kwa alkali umeongeza usichokipima. Anayeelewa hilo hahitaji kukariri orodha ya hatua.

Kisha faneli inaondolewa juu ya byureti, isije ikadondosha tone katikati ya kazi. Kapovu ka hewa kwenye ncha ya chini kanafukuzwa, kwa sababu kakitoka baadaye katasomeka kama asidi iliyotumika. Pipeti inaachwa imiminike yenyewe, ncha yake inaguswa ukutani mwa chupa, na lile tone linalobaki linaachwa hapo hapo. Usilipulize! Aliyechora alama ya pipeti alishalihesabia. Usomaji huchukuliwa jicho likiwa sawa na uso wa kimiminika, chini kabisa ya mbonyeo wake; isipokuwa kwa pamanganeti ya potasiamu, iliyo nyeusi kwa uzambarau kiasi kwamba hapo tunasoma ukingo wa juu.

Tuchukue kazi ya kawaida ya shule. Gramu 2.65 za kaboneti ya sodiamu iliyokaushwa zimeyeyushwa na kufikishwa sentimita za ujazo 250. Moli moja ya kaboneti hiyo ina gramu 106, kwa hiyo tumepata moli 0.025 katika robo lita, yaani mkolezo wa moli 0.1 kwa lita. Pipeti inachukua sentimita 25, zenye moli 0.0025. Kila moli ya kaboneti humaliza moli mbili za asidi hidrokloriki, basi asidi iliyohitajika ni moli 0.005. Kwa kiashiria cha methili oranji, byureti imesoma 24.55, 24.65 na 24.60, wastani ni 24.60. Gawanya 0.005 kwa lita 0.0246, upate 0.203.

Hesabu hiyo ingeweza kumalizwa kwa mstari mmoja, kwa ile kanuni ya MaVa juu ya MbVb inayokaririwa katika shule zetu nyingi. Mimi siipendi. Jibu inatoa, lakini inaficha njia, na mwanafunzi akigeuza 2 na 1 za mlinganyo hana pa kushtukia. Anayepita kwenye moli hatua kwa hatua anaishika kila namba: hii imo ndani ya pipeti, hii imetoka kwenye byureti, hii imetoka kwenye mlinganyo. Ndiyo maana kwangu hesabu na mkono ni kazi moja. Tone moja la byureti ni kama sentimita za ujazo 0.05, na katika 25 hiyo ni asilimia 0.2. Ukikubali matone matatu ya uzembe, tarakimu ya tatu ya jibu lako haina maana, hata kikokotoo kikikupa tisa.

Kwa hiyo pia walimu wenye macho hutilia shaka 24.60, 24.60, 24.60. Inawezekana, ila mara nyingi imepikwa.

Uzuri mkubwa zaidi wa sanaa hii uko kwenye kiashiria. Kaboneti ile ile, asidi ile ile, weka fenolfthalini badala ya methili oranji, na rangi ya waridi itapotea kwenye karibu 12.30, nusu ya njia. Hakuna aliyekosea. Kaboneti hupokea asidi kwa awamu mbili: kwanza inageuka bikaboneti, na hapo ndipo fenolfthalini inapoishia, kisha bikaboneti inatoa kaboni dioksidi, na methili oranji ndiyo inayougundua mwisho huo kwa kutoka manjano kwenda rangi ya chungwa. Ukingoja hadi iwe nyekundu umeshapita.

Hapo ndipo magadi yanapoingia. Magadi ya ziwani, kama yale yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya, ni fuwele zenye kaboneti na bikaboneti kwa pamoja, moli moja kwa moli moja, pamoja na moli mbili za maji. Moli yake ina gramu 226. Chukua gramu 2.26, yeyusha, chuja, fikisha sentimita 250, kisha pima 25 kwa asidi ya 0.1. Yangekuwa safi kabisa, fenolfthalini ingeishia 10, na methili oranji ingeendelea kwa 20 nyingine. Awamu ya kwanza inataka subira ya kipekee: asidi ikimwagwa kwa haraka, sehemu ya chupa inatangulia awamu ya pili, viputo vinatoka, na waridi linafifia kwa kusitasita mpaka hujui liliondoka lini. Mzoefu huweka chupa nyingine pembeni, yenye bikaboneti tupu na matone yale yale ya kiashiria, alinganishe.

Tuseme umepata 9, kisha 20. Tisa ni kaboneti, moli 0.0009. Kati ya zile 20, tisa ni bikaboneti iliyozaliwa na kaboneti hiyo ndani ya chupa, na 11 zilizobaki ni bikaboneti iliyokuwamo tangu mwanzo, moli 0.0011. Kwa gramu, 0.095 na 0.092. Lakini ujazo wa pipeti ulitokana na gramu 0.226 za magadi, kwa hiyo kama 0.038 hazijulikani zilipo. Mchanga umebaki kwenye karatasi ya kuchujia, ukaushe, uupime. Maji ya fuwele hayagusi asidi. Chumvi ya kawaida nayo haigusi, na kuikamata kunahitaji titresheni nyingine ya nitrati ya fedha, kiashiria kikiwa kromati ya potasiamu, njia inayobeba jina la Mohr yule yule. Njia hiyo haivumilii alkali, hivyo magadi yatulizwe kwanza kwa asidi ya nitriki. Hidrokloriki hapana: ingeleta kloridi ile ile tunayoitafuta.